Mkebe wa Maziwa na Boni ya Komanda

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, meno yangu yote yapo, na mtihani wa hesabu bado unaningoja mlangoni. Lakini kazi nimefanya, kufukuzwa nimefukuzwa, tena mbele ya watu, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kukaa chini na kuwaeleza vijana mambo yalivyokuwa. Vijana ni ninyi, wadogo zangu wa mwaka wa tatu, section ya upimaji wa ardhi, mnaosoma karatasi hii ukutani, pembeni ya lile tundu la bomu ambalo mkuu wa shule analiita dirisha.

Vyeo sitavigusa. Nilianza nikiwa mshika-mire, nikamaliza nikiwa mshika-mire. Mire ni ule ubao mrefu wenye namba, anaousimamisha mmoja ili mwingine ausome kwa darubini kutoka mbali. Kazi yote ni kusimama wima na kunyamaza. La kwanza nililiweza.

Naandika kwa sababu ya wale wageni wa juzi. Mliwaona: wameshuka na ndege, wametundika kitambaa cha maneno mengi juu ya ubao wetu, wametugawia kofia. Yule mwenye tai akauliza shule hii inafundisha nini, soko la kazi linahitaji nini, na kwa nini hivyo viwili havikutani. Nikainua mkono. Prof Lokinda, mwalimu wetu wa topografia, akanipiga lile jicho mnalolijua, nikajifanya ninajikuna kichwa. Mwenye tai akaendelea: dunia imebadilika, siku hizi ardhi inapimwa na satelaiti, masomo ya kizamani yafutwe. Akatoa mfano: somo la kuzika makaa chini ya boni, alama ya mpaka. Hapo mwaka wa tano mzima tukakohoa kwa pamoja. Ninyi mlidhani ni vumbi.

Haikuwa vumbi. Mkono wangu ulikuwa na jibu, nalo ndilo hili.

Nianze na elimu yangu, maana haitachukua muda. Shule yetu ilikuwa na teodolite moja, ile darubini ya kupimia pembe. Ilikaa ndani ya kabati la mkuu wa shule, kwa kufuli, wanafunzi wasije wakaiharibu. Na kweli hatukuiharibu. Vita ilipofika, waporaji walivunja kabati wakaondoka nayo, wakatuachia miguu mitatu ya kuisimamishia, sijui ni kwa huruma au ni kwa sababu haikuingia kwenye gari. Prof Lokinda alitafuta mkebe wa maziwa ya unga, akautoboa kitako, akaufunga juu ya ile miguu kwa mpira wa baiskeli, akasema:

"Bon. Fikirieni iko darubini."

Tukafikiria. Tulisoma pembe ndani ya mkebe, digrii, dakika na sekunde, na aliyeona sekunde nyingi alipata pointi nyingi. Rafiki yangu Likunde ndiye wa kwanza darasani mpaka leo. Hajawahi kugusa teodolite, lakini Kisangani nzima hakuna mtu anayeifikiria vizuri kama yeye.

Somo la vitendo tulipata moja tu, hilo la makaa. Prof alitupeleka uani akatuonyesha boni, lile jiwe la sementi linalowekwa kwenye kona ya kiwanja. Akasema boni ni ya kila mtu kuona, kwa hiyo ni ya kila mtu kuhamisha. Ndiyo maana mpimaji mzuri, kabla ya kuisimamisha, anazika chini yake makaa, kwa sababu makaa hayaozi. Tena anavunja sahani au tofali na kuzika kipande kimoja chini ya kila kona, ili siku ya ugomvi vipande vichimbuliwe, vikutanishwe, vionekane kama vinashikana. Vitu hivyo vinaitwa mashahidi.

"Boni inaweza kutembea," Prof alisema. "Makaa haina miguu."

Likunde akainua mkono. "Prof, na samaki iko wapi?"

Wiki nzima tulikuwa tunaulizana samaki iko wapi. Hiyo ndiyo elimu niliyoingia nayo sokoni.

Niliingia wakati walimu walipogoma, kisha bunduki nazo zikaanza kulia upande wao, shule ikafungwa. Papa Asumani, mpimaji wa zamani wa Lubunga, ng'ambo ya mto, alikuja kumwomba Prof mtoto anayejua kusimama. Msaidizi wake wa siku zote alikuwa amekimbilia porini. Prof akanitoa mimi, akisema ninasumbua sana nikikaa.

Siku ya kwanza nilitaka kumwonyesha Papa Asumani kwamba nimesoma. Tulifundishwa kwamba darubini za zamani zinageuza picha, miguu juu kichwa chini. Sasa darubini yake ilikuwa ya zamani kuliko baba yangu. Nikamwonea huruma. Nilipofika mwisho wa kiwanja niligeuza mire, namba zikatazama chini, ili yeye huko azione zimesimama vizuri.

"Weye!" sauti ikaja kutoka ng'ambo. "Unafanya nini na ile mire?"

"Ninakusaidia, Papa!"

"Nani alikuambia niko mugonjwa? Geuza! Miaka yote ninasoma namba kichwa chini, sasa leo unataka nijifunze kusoma upya?"

Wenye kiwanja walicheka mpaka wakatuletea viti. Nilijifunza kwamba mtu akishazoea kuona dunia imepinduka, usimnyooshee bila ruhusa.

Vyombo vyetu vya kazi vilikuwa vitatu. Teodolite yenyewe, imeviringishwa kwenye blanketi la mtoto mchanga, ilisafiri kwa toleka. Mnajua toleka, baiskeli za abiria. Chombo kilikaa kwenye kiti cha nyuma kama bibi harusi, Papa na mimi tukakimbia kando yake kwa miguu. Mire nilibeba mimi. Na utepe wa mita ulikuwa umekatika zamani, Papa akaufunga fundo. Kila kiwanja tulichopima kilipoteza urefu wa lile fundo. Nilimuuliza kama hiyo ni haki. Akasema haki ndiyo hiyo, fundo ni moja kwa tajiri na maskini.

Lakini kuna kitu kimoja alichonifundisha ambacho hakimo kwenye programu ya shule wala kwenye ile kofia ya wageni. Alisema, "Petit, mudogo wangu, mutu akikuita kupima, usimuulize anataka nini. Kila mutu anataka haki. Muulize anataka mire isimame wapi. Hapo utamujua."

Sasa nije kwenye kesi iliyomaliza maisha yangu ya kazi.

Tulikuwa tumetumwa kupima kiwanja upande wa barabara ya Bengamisa. Kabla ya kutoka mjini kulikuwa na kizuizi cha askari. Papa Asumani akataka kuangalia kama darubini haikuumia njiani, akasimamisha ile miguu mitatu pale pale barabarani, akafunua blanketi, akaelekeza ule mdomo mbele. Ndani ya pumzi moja askari wote walikuwa chini, matumbo kwenye mchanga, bunduki zinatutazama. Walidhani ni mzinga.

"Mikono juu!"

Nikainua mikono na mire, na mire ilipokwenda juu wakalala chini zaidi.

"Wana wangu," Papa Asumani akasema kwa sauti ya mtu anayeuza chikwange, ule mkate wa muhogo, "hii ni ya kuangalia tu. Kuja, angalia."

Askari mmoja mdogo, mdogo kuliko mimi, akatambaa, akaweka jicho. Akaanza kutetemeka. Alikuwa anacheka. "Komanda ananing'inia! Ananing'inia kama popo!" Maana Komanda alikuwa ametoka kwenye kibanda chake kule mbele, na darubini ilikuwa imemgeuza. Wakapanga foleni. Kila aliyeangalia alianguka kwa kicheko, mpaka Komanda mwenyewe akaja kuona kinachowachekesha. Akaangalia na yeye, akawaona askari wake miguu juu, akacheka kuwashinda wote. Kisha akaacha kucheka.

"Donc weye ni géomètre, mupimaji."

"Ndiyo, mon commandant."

"Mi niko na parcelle ya kupima. Kesho."

Hivyo ndivyo soko la kazi linavyokutana na mtaalamu, wadogo zangu. Hakukuwa na kitambaa cha maandishi.

Kiwanja chenyewe kilikuwa katika commune ya Tshopo, mtaa mkubwa wa mji wetu. Nyumba ilikuwa ya mtu aliyekimbilia Kinshasa. Komanda alikuwa anamtunzia, kwa kulala ndani yake. Jirani alikuwa Mama Bolumbu, mama wa Isangi, anayepokea samaki wa mtoni na kuwakausha kwa moshi. Tanuru lake la udongo lilikuwa karibu na mpaka, na wakati ule, sokoni hakuna nyama na barabara zimekufa, nusu ya mtaa ilikula kwa lile tanuru. Komanda alitaka kujenga ukuta na lango la gari. Lango lilihitaji kupita juu ya tanuru.

Tulipofika, boni ilikuwa imesimama upande wa Mama Bolumbu, ng'ambo ya tanuru, na udongo wa chini yake ulikuwa mbichi kama wa kaburi la jana. Tanuru sasa lilikuwa ndani ya kiwanja cha Komanda.

Mama Bolumbu alisimama na mikono kiunoni. "Papa Asumani. Si weye ulipanda ile boni mwaka ule, bado kuko amani? Mi nilikuwa hapa, mume wangu alikuwa hapa. Sema iko mahali yake."

Papa Asumani akaangalia mawingu.

"Mama," Komanda akasema kwa upole, "boni iko pale. Mi sikuigusa. Labda ilichoka kukaa."

Askari wakacheka. Papa akasema jua limekuwa kali kwa darubini, turudi kesho. Tulipokuwa tunakimbia kando ya toleka nikamwambia, "Papa, kwa nini hatukuchimba mashahidi?"

Alisimama. "Nani alikufundisha mambo ya mashahidi?"

"Prof Lokinda."

"Ah," akasema. "Bahati mbaya." Akatembea kidogo. "Sikia, petit. Komanda hahitaji kipimo. Anahitaji karatasi yenye jina langu chini. Ndiyo soko ya leo. Kesho weye shika mire, funga kinywa."

Kesho yake majirani wote walikuwa wamejaa, maana mpaka haupimwi bila majirani kuona, hata vita haijaivunja desturi hiyo. Papa alisimamisha chombo. Nilisimama na mire kando ya boni mpya, Mama Bolumbu ananitazama, tanuru linafuka nyuma yake, na mimi nikahisi swali linapanda kooni kama kwikwi. Nikaliachia, kwa sauti ya darasani kabisa:

"Papa, hatuchimbi kwanza mashahidi? Wako chini."

Katika mji huu, miaka hii, huwaambii watu wenye bunduki kwamba kuna mashahidi chini ya ardhi. Askari wawili wakainua silaha. "Nani amezikwa hapa?" Komanda akauliza.

"Makaa, mon commandant," Papa Asumani akasema haraka. "Makaa tu! Na sahani." Ikabidi aeleze yote, kwa faida ya kila jirani.

Komanda hakuamini kwamba makaa yanaweza kubishana naye, akaamuru wachimbe. Chini ya boni mpya walikuta udongo laini na kipande cha sigara, aina ile ile aliyokuwa anaivuta askari aliyekuwa anachimba. Aliificha ya mdomoni, akachelewa. Kisha Mama Bolumbu akaonyesha kwa kidole cha mguu mahali pa zamani, upande wa pili wa tanuru. Majembe mawili matatu, na makaa yakatoka, meusi kama yamezikwa asubuhi ile, na kipande cha sahani chenye nusu ya ua jekundu. Wakachimba kona ya barabarani, ambayo hakuna aliyeigusa. Nusu ya pili ya ua. Papa Asumani alivikutanisha, na vikashikana.

"Sahani yangu!" Mama Bolumbu akapiga kelele. "Sahani yangu ya harusi! Ulisema unaazima tu!"

Mtaa mzima ukacheka, na askari pia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Komanda ndiye peke yake aliyekuwa hacheki.

"Bon," akasema. "Mashahidi wako hapa. Wahamisheni." Askari wakabeba makaa na kipande cha sahani, wakavizika chini ya boni mpya, wakashindilia kwa viatu. "Sasa wanasema namna gani, Papa géomètre? Pima. Andika." Kisha akanigeukia mimi, taratibu. "Na weye, petit. Unajua mambo mingi."

Sikuwahi kuwa mrefu kama nilivyojiona siku ile, na mire mkononi, nisijue pa kujificha.

Kofi lilitoka upande mwingine kabisa. Papa Asumani alinipiga mpaka mire ikaanguka. "Nani alikuambia kusema? Umefukuzwa! Toka! Kenda kusoma!" Akanisukuma, akanipiga teke, akanitukania ukoo, akanisindikiza kwa mateke mpaka barabarani, askari wanacheka tena. Pale barabarani, bila kuchezesha midomo, akasema: "Kimbia, mutoto. Usipite njia kubwa."

Nilikimbia. Yaliyofuata alinieleza Mama Bolumbu. Papa alirudi akijifuta jasho, akasema, "Mon commandant, iko shida moja. Utepe iko na ncha mbili, na mi niko mutu moja. Mushika-mire nimemufukuza, mumeona. Na karatasi hii inaomba mutu wa shule ya upimaji. Askari hawezi."

"Shule iko wapi?" Komanda akauliza.

Ilikuwa imefunguliwa siku chache kabla. Mimi, mfanyakazi mkubwa, sikuwa bado nimepata nafasi ya kurudi. Siku ile nilirudi bila hata kupiga hodi. Nilimweleza Prof Lokinda kila kitu nikihema. Hakunipongeza. Alikwenda kuchukua mkebe, akaufuta vumbi.

Komanda alipofika asubuhi na askari wake, mimi nilikuwa ndani ya kabati la mkuu wa shule, lile la teodolite. Baada ya miaka mingi lilikuwa linahifadhi kitu chenye faida. Mlango wake haukufunga vizuri tangu uporaji, nikaona baraza yote kupitia ufa.

"Nataka mwanafunzi anayejua kupima," Komanda akasema.

"Chagueni, mon commandant," Prof akasema kwa heshima yote. "Huyu ni wa kwanza darasani." Akamtoa Likunde.

Likunde alisimamisha ile miguu mitatu, akainama, akafunga jicho moja, akaangalia ndani ya mkebe kwa uzito wa daktari. Akazungusha mkebe kidogo. Akaomba askari mmoja asogee kushoto. Akaomba asogee tena. Akamwomba avue kofia, kwa sababu ya kivuli. Kisha akaenda ubaoni na kuandika digrii, dakika, sekunde, akajaza ubao mzima, akapiga mstari chini, akageuka na uso wa huzuni.

"Mon commandant, pole. Parcelle yenu iko katikati ya mto Tshopo."

Komanda akamtazama Prof.

Prof akapitia hesabu kwa kidole, mstari kwa mstari. "Hesabu iko sawa," akasema. "Labda mto ndiyo imekosea."

Niliuma mkono wangu mle kabatini. Alama bado ipo, njooni niwaonyeshe. Komanda alikwenda kwenye mkebe, akaangalia ndani, akaangalia nje, akasoma maandishi ya maziwa ubavuni.

"Hii shule inafundisha nini?"

"Kufikiria, mon commandant."

Ni swali lile lile la mwenye tai, ona sasa. Ila Komanda aliuliza vizuri zaidi, alikuwa na haja nalo. Akateua wengine, na kila mmoja akapima vibaya kuliko Likunde, kwa bidii, kwa roho yote. Mmoja alipata pembe tatu ndani ya mraba. Mwishoni Komanda alipiga mkebe teke, akasema tutakufa na njaa, vijana wakubwa hawajui kitu, nchi itajengwa na nani. Aliondoka akiwa na hasira ya kweli kwa ajili ya elimu ya Kongo. Wapimaji wengine wa mji, habari iliwafikia mapema, wakashikwa na malaria kwa zamu. Ukuta ulingoja mtaalamu. Mtaalamu hakupatikana. Kisha vita ikamwita Komanda upande mwingine, akaenda, na milango ya nyumba ile ikaenda naye.

Mchana wa kesho yake majirani waliibeba boni mpaka mahali pake, jua la saa sita, kila mtu anaona. Makaa yalirudi chini. Mama Bolumbu alishika vile vipande viwili vya sahani muda mrefu, kisha akaviachia vizikwe tena, kila kimoja kwenye kona yake. Alitupikia lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa tanuru lile. Wote tulipewa sahani, isipokuwa Papa Asumani, aliyepewa jani la mgomba.

"Weye," Mama akamwambia, "sahani sikupei tena."

Nilimsogelea Papa nikamuuliza narudi kazini lini. Alitafuna samaki mpaka akamaliza.

"Narudi, narudi wapi? Umestaafu," akasema. "Kenda kumaliza shule."

Basi mgeni wangu mwenye tai, jibu lilikuwa hilo. Satelaiti tuletee, tutaipenda, Likunde ameshaanza kuifikiria. Lakini somo la makaa uliache lilipo. Na soko likilalamika kwamba shule hii haitoi kile linachohitaji, uliza kwanza ni nani anayelalamika.

Ninyi wa mwaka wa tatu, siku moja atakuja mtu mlangoni kutafuta mshika-mire. Muulizeni anataka mire isimame wapi. Akijibu vizuri, nendeni, na mkasimame wima. Akijibu vibaya, mkebe uko juu ya kabati la mkuu wa shule. Umebonyea upande mmoja, kwa lile teke, lakini bado hauonyeshi kitu.